Mkoromo ule si usingizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vijana wetu wanaofariki kwa kuzidisha unga, yaani heroini, kifo ambacho mara nyingi kinaweza kuzuilika iwapo aliye karibu anajua la kufanya.

Mtaani kwetu Ng'ambo, mtoto wa jirani yangu alirudi nyumbani baada ya kukaa miezi minne katika nyumba ya soba, wanakokaa wanaoacha dawa za kulevya, mwili umemrudi na msikitini haendi kwa kusukumwa. Usiku mmoja akatumia tena, kipimo kile kile cha zamani. Mama yake alimsikia akikoroma kwa nguvu, akamfunika shuka ili apumzike. Alfajiri alimkuta midomo imepiga weusi na mwili umeshapoa.

Simlaumu mama yule, kwani hakuna aliyewahi kumweleza kwamba unga huuzuia ubongo kuendesha pumzi, na kwamba mkoromo mzito wa mtu asiyeamka hata akitikiswa ni dalili ya hatari. Aliyetoka soba au chuo cha mafunzo, yaani jela, mwili wake umeshapoteza mazoea, na kipimo alichokuwa akikimudu ndicho kinachomuua. Huko mitaani watu humnywesha maziwa, jambo linaloweza kumpalia, ilhali anachohitaji ni kupuliziwa pumzi mdomoni, kulazwa ubavu akishapumua mwenyewe, na kukimbizwa hospitali.

Dawa ya kumrudishia pumzi ipo, nayo ni nalokisoni, ambayo hudungwa sindano au hupulizwa puani na kufanya kazi kwa dakika chache. Nguvu yake hudumu kiasi cha dakika 30 hadi 90 tu, kwa hiyo hata akiinuka asiachwe peke yake. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hii iwafikie wote wanaoweza kumkuta mtu katika hali hiyo, si madaktari peke yao. Naiomba Wizara ya Afya iifikishe katika nyumba za soba na kwa masheha, viongozi wetu wa shehia, pamoja na mafunzo yake.

Kwa anayetaka kuacha, methadoni, dawa inayochukua nafasi ya unga, inatolewa hospitali ya Kidongo Chekundu hapa Unguja tangu 2015, na mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Familia zimpeleke bila ya kuona haya.

Na siku kijana anaporuhusiwa kutoka soba, mzazi wake aketishwe, aelezwe habari ya mkoromo ule kabla hajakabidhiwa mwanawe. Jirani yangu angeelezwa, asingeichukua ile shuka.

Mkaazi wa Ng'ambo,
Unguja