Tusiiachie droni harusi za watu

Mhariri,

Napiga video za harusi hapa Bagamoyo. Siku hizi wengi wetu tunatumia droni zinazomfuata bibi harusi zenyewe, mpiga picha akiwa amesimama tu pembeni. Picha zake ni nzuri mno, sikatai. Lakini vihisi vya droni, yaani vifaa vyake vya kutambua vizuizi, huona ukuta na mnazi. Waya mwembamba wa umeme vinaweza kuukosa, hasa jioni mwanga ukififia, saa ile ile tunayoipenda kwa picha za ufukweni. Na chini kuna watoto wanaikimbilia! Wenzangu, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga hakitoshi. Awepo mtu wa pili wa kuitazama angani, na rimoti isitoke mkononi.

Mpiga picha,
Bagamoyo