Pangaboi lako nimelitambua

Ndugu yangu Swaibu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Jinja. Lile pangaboi la ndege ya mfano ulilolipata soko la Owino lilinifikia Jumanne kwa mkono wa dereva wa teksi, na ingawa halina herufi wala namba hata moja, sasa naweza kukuambia ni la namna gani.

Kutoka ncha hadi ncha lina milimita 254, yaani inchi 10 kamili, na hiyo ndiyo namba ya kwanza kati ya mbili zinazotaja kipimo cha pangaboi; tundu lake la katikati ni robo ya inchi. Kazi ilikuwa kwenye namba ya pili, ile inayoonyesha lingesonga mbele kiasi gani katika mzunguko mmoja kama lingepenya hewa bila kuteleza, jinsi skrubu inavyoingia kwenye mbao. Nilililaza mezani, nikatia alama milimita 95 kutoka katikati, yaani kwenye robo tatu ya urefu wa bawa, kisha kwa kalipa niliyoazimwa na fundi mmoja wa Katwe nikaona kwamba hapo bawa limechukua milimita 22 za meza, na ukingo mmoja umeinuka kuliko mwenzake kwa milimita 5.6. Ukigawanya 5.6 kwa 22, ukazidisha kwa mzingo wa duara linalochorwa na alama ile, milimita 597, unapata 152, ambazo ni inchi 6.

Basi ni 10 kwa 6, kipimo kilichozoeleka kwenye injini ndogo za mafuta za sentimita za ujazo 6.5 hivi. Wewe ulidhani ni la mota ya umeme. Mimi siafiki, kwa kuwa ya mota huwa membamba na mepesi, na hili lina kitovu kinene na mashina ya mabawa yaliyoshiba.

Lakini nakusihi usilifunge kwenye injini. Karibu na kitovu pana mstari mweupe, dalili kwamba nailoni imewahi kukunjwa. Kwa mizunguko 12,000 kwa dakika, ncha zake zingekwenda mita 160 kwa sekunde, na kipande kikikatika kwa kasi hiyo kinaweza kumpofusha mtu.

Nitakaa nalo kama kielelezo. Ukija Kampala, njoo na injini yako tupime mhimili wake kabla hujanunua jipya.

Ndugu yako,
Hamidu