Shukrani kwa fundi aliyetusimamia kutandika mabamba ya sakafu ya baraza letu la nje, Mikindani

Fundi, hukutaka jina lako litajwe, nasi tunaheshimu hilo, lakini ahsante yako lazima uipate hadharani. Ulisimamia udongo wa juu utolewe wote, kwani mizizi ikioza chini, bamba hubonyea. Moramu, yaani udongo wa changarawe, ya sentimita 10 ukaishindilia kwa tabaka mbili, maana tabaka nene hushika juu tu. Mteremko ni sentimita 5 kwa kila mita 3, maji yaukimbie ukuta wa nyumba. Mchanga wa ufukweni uliukataa katakata: chumvi yake hupanda juu na kuacha madoa meupe.

Ulipotufaa zaidi ni kwenye mota, ndoo 1 ya saruji kwa 4 za mchanga. Mafundi wengi huweka madonge matano tu chini ya kila bamba. Wewe ulitaka itandazwe chini ya bamba zima, kwa sababu palipo wazi ndipo linapopasuka mguu wa kiti ukikandamiza. Ukiligonga kwa nyundo ya mpira likalia kama debe tupu, uliling'oa palepale na kulilaza upya.

Viungo, yaani nafasi kati ya mabamba, tutavijaza baada ya mota ya chini kukauka, kama ulivyoagiza, na hakuna atakayekanyaga kabla. Mungu akuzidishie, fundi wetu.