Risala ya Vijana wa Ng'ambo kwa Mgeni Rasmi: Tuhesabiwe Kabla ya Kujengewa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Bwana Sheha na wajumbe wa Kamati ya Shehia,
Masheikh wetu, wazee wetu, mama zetu,
Vijana wenzetu na wageni waalikwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa hali ya kuwa wazima. Mheshimiwa, tunakushukuru na wewe kwa kuja Ng'ambo kwetu, upande huu wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, tena kwa kukubali kupita vichochoroni kwa miguu badala ya kuishia barabara kuu. Mengi umeyaona mwenyewe, na hilo limetupunguzia maneno.

Sisi ni vijana wa shehia hii. Wengine tumemaliza skuli, wengine bado tuko vyuoni. Kwa ruhusa ya Bwana Sheha tulipita nyumba kwa nyumba, tukawauliza watu wanavyoishi na wanavyopata riziki, tukaandika kwenye daftari na kwenye ramani. Kilichotusukuma ni habari za kuujenga upya mji, ambazo sasa zinasikika kila barza. Tunaziunga mkono. Nyumba zetu nyingi ni za miti na udongo zilizopigwa lipu juu, mabati yameshika kutu, mitaro imeziba. Hakuna mzazi hapa anayetaka wajukuu zake waje wayakute haya. Ombi letu ni kwamba mpango wowote utakaoletwa uanze na hesabu ya maisha ya watu wanaoishi humu, sio hesabu ya majengo peke yake.

Mheshimiwa, mji huu haujapata kukosa mipango. Mwaka 1923 Lanchester, mpangaji miji kutoka Uingereza, aliuchorea mpango wake. Mwaka 1958 ukaja wa Kendall na Mill. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1968, akaja Hubert Scholz kutoka Ujerumani ya Mashariki, na mwaka 1982 wataalamu wa China wakaandaa mwengine. Na takwimu pia zilikuwepo: mwaka 1948 na 1949 ulifanyika uchunguzi mkubwa wa hali ya jamii Unguja na Pemba, ukiongozwa na Profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Lakini mwananchi wa kawaida wa Ng'ambo alikuwa akihesabiwa leo na kupangiwa kesho, na katikati hapo hakuna aliyerudi kumwonesha kilichoandikwa juu yake.

Majumba ya ghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa hapa Ng'ambo baada ya Mapinduzi, tunayaheshimu. Wazee wetu waliohama nyumba za udongo enzi za Mzee Karume wanatusimulia furaha ya kuwasha taa na kuwa na choo ndani. Wazee hao hao wanatwambia pia habari za majirani waliotawanyika, na za waliokuwa wakiuza mlangoni kwao wakakosa pa kuweka meza walipopanda juu. Yote mawili ni kweli, na tunataka safari hii yaandikwe yote mawili.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kati yao 893,169 wamo Mkoa wa Mjini Magharibi. Mwaka 2012 mkoa huu ulikuwa na watu 593,678. Maana yake, kwa miaka kumi mkoa mmoja umeongeza watu karibu laki tatu, kiasi cha watu wote waliohesabiwa Unguja na Pemba mwaka 1958. Ndiyo maana kila uwanja wazi sasa una msingi wa nyumba, na ndiyo maana hatuwezi kuwalaumu wanaotaka kujenga kwenda juu. Ardhi ya kisiwa haiongezeki.

Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali nayo imetwambia, kwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2019/20, kwamba Wazanzibari walio chini ya mstari wa umasikini wa mahitaji ya msingi wameshuka hadi asilimia 25.7, kutoka 30.4 ya mwaka 2014/15. Ni takwimu nzuri na tunaipokea kwa furaha. Lakini utafiti huo huchukua kaya za sampuli, na wastani wake hauwezi kuonesha tofauti iliyopo baina ya mtaa na mtaa, mlango na mlango. Anayebomolewa ni mwenye mlango.

Tuna mfano mmoja, Mheshimiwa, ambao tunaomba uusikilize kwa utulivu. Tulianza na swali lililozoeleka: unafanya kazi gani? Mama mmoja akatujibu, "Mimi sina kazi wanangu, nipo tu nyumbani." Alikuwa anatujibu huku karai la mafuta liko mbele yake, bajia zinageuka rangi, na watoto waliotoka chuo cha Kurani baada ya Alasiri wamejipanga na sarafu zao mkononi. Kwenye fomu yoyote yenye swali lile, mama huyu angeandikwa hana kazi. Tukaligeuza swali: leo tangu asubuhi umeuza nini? Hapo ndipo tulipojua kwamba bajia ndizo zinazomsomesha binti yake, kwamba ubuyu na barafu za mifuko ni biashara yake ya pili, na kwamba mwisho wa mwezi anatia hisa kwenye kikundi cha mama wa mtaa.

Swali hilo tulilipeleka milango yote. Tukakuta mshoni aliyeweka cherehani ukumbini, mzee anayeuza kahawa jioni barzani, kijana anayetengeneza simu dirishani. Hawana leseni wala kibao, na ramani ya mji inawaandika wote kuwa ni makaazi tu. Mtaji wa mama wa bajia ni kizingiti cha mlango wake, uchochoro unaopitwa na watu, na jirani anayemkopesha ndoo ya maji. Ukimpandisha ghorofa ya nne umempa nyumba nzuri, lakini wateja wake wamebaki chini. Hili halihitaji fedha nyingi kulirekebisha. Linahitaji mchoraji ajue mapema kwamba yupo, ili sehemu ya chini ya jengo iwekewe vibaraza na vyumba vidogo vya biashara kwa kodi anayoiweza, na asishindanishwe kwa mnada na wenye maduka makubwa.

Jambo la pili ni umiliki, na hapa pana uzito. Nyumba nyingi tulizopita ni za urithi ambao haujagawiwa. Jina kwenye karatasi ni la marehemu babu, warithi mmoja yuko Pemba, mwengine Dar es Salaam, mwengine Omani, na ndani wanaishi shangazi mjane na wapangaji wa chumba kimoja kimoja. Akija mtu na fidia, nani wa kusaini? Mpangaji aliyekaa humo miaka mingi atahesabiwa wapi? Nyumba nyengine ni za wakfu, zina taratibu zake. Haya yakijulikana miaka miwili kabla ya ujenzi, Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu zina nafasi ya kuyamaliza kwa utulivu. Yakigunduliwa siku ya kuhamisha vyombo, yatavunja ukoo.

Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wadau wengine walipiga picha visiwa vyetu kwa ndege zisizo na rubani, na vijana wa Kizanzibari ndio waliozirusha. Tunaionea fahari kazi hiyo. Lakini picha ya juu inaonesha paa, haioneshi wanaolala chini yake. Bi mkubwa mmoja alituonesha ukutani mstari uliochorwa na maji ya masika, juu kidogo ya kitanda chake. Mstari ule hauonekani angani. Tumeutia kwenye ramani yetu, pamoja na visima vilivyofukiwa, viwanja vya mpira na maskani za vijana. Njia hii hatukuianzisha sisi. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioendeshwa na Idara ya Mipango Miji na Vijiji pamoja na Jiji la Amsterdam, ulikwishaonesha kwamba barza na uwanja ni sehemu ya mji kama ilivyo nyumba.

Mheshimiwa, hatukupokewa kwa furaha kila mlango. Wengine walituuliza kama tumekuja kuwapigia nyumba zao alama ya X ya kubomolewa. Tuliwaahidi kwamba hatuandiki majina, na daftari hili halina jina hata moja. Tunaomba ahadi hiyo iheshimiwe na kila atakayelitumia, asilifanye orodha ya kutoza wala ya kuhamisha.

Maombi yetu ni haya. Takwimu za sensa za shehia yetu ziletwe kwa Sheha zikiwa kwa Kiswahili chepesi na zibandikwe mahali watu wanaposoma. Rasimu ya mpango wowote ije hapa kabla ya kutiwa saini, isomwe mbele ya mama zetu saa ambayo hawapo jikoni. Wapangaji na wafanyabiashara wa mlangoni wahesabiwe kwa safu yao wenyewe, wasifichwe chini ya jina la mwenye nyumba. Na sisi vijana tupatiwe mafunzo na kompyuta moja, ili daftari hili tulifanye upya kila mwaka, maana wapangaji huhama na biashara hubadilika.

Tunakukabidhi sasa daftari na ramani. Nakala ya pili inabaki ofisini kwa Bwana Sheha, na mwananchi yeyote wa hapa anaweza kwenda kuisoma.

Tunaomba kuwasilisha.