Azuma haitibu mafua jamani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, hili jambo la antibayotiki linaniuma sana. Huku kwetu Mbagala ukiingia duka la dawa ukasema tu una mafua na kifua kinabana unapewa azuma au amoksilini, zote antibayotiki, hakuna anayekuuliza cheti cha daktari, na kama hela haitoshi unakatiwa vidonge vinne unaenda zako. Juzi nimemkuta mama ananunua rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki, za kumpa mtoto, muuzaji anamwambia fungua kapsuli mwagia nusu kwenye kijiko cha uji. Nusu! Na mtoto mwenyewe makamasi yanamtoka maji tupu, anacheza.

Mafua ni virusi, na antibayotiki haiui virusi hata ukimeza boksi zima, kazi yake ni bakteria. Sasa ukimeza bila sababu, au ukaishia katikati ya dozi, bakteria dhaifu mwilini wanakufa wanabaki wale wabishi, wanazaana, halafu siku umepata nimonia ya kweli au mshono wa operesheni umetunga usaha dawa inagoma. Wala si jambo jipya hili, Alexander Fleming aliyegundua penisilini mwaka 1928 alilisema 1945 kwenye hotuba yake ya Nobeli, akatoa mfano wa mtu anayetibu koo kwa penisilini isiyotosha, vijidudu vinakuwa sugu, anamwambukiza mke wake, mke anapata nimonia na anakufa. Leo yametimia, mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria uliua watu kama milioni 1.27 duniani na Afrika kusini mwa Sahara ndio tumeumia zaidi ukilinganisha na idadi ya watu.

Na hospitali nazo zisijifiche nyuma ya wenye maduka. Ukisema tumbo la chini linauma basi ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mkojo unaangaliwa mara moja, unaandikiwa sindano za siku tano, zisipofanya kazi unabadilishiwa nyingine, kuotesha mkojo ili ijulikane bakteria gani na anakufa kwa dawa gani hakuna anayekutajia, eti majibu yanachukua siku mbili tatu. Sasa si bora hizo siku tatu kuliko kudungwa kwa kubahatisha?

Wizara ya Afya naomba mtujibu hapa hapa gazetini, ni lini kuotesha kutapatikana kila hospitali ya wilaya, na anayemkatia mgonjwa vidonge vinne anachukuliwa hatua gani?

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam