Kamba Aliyefungwa kwa Kamba

Tokyo, 9 Novemba

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Mama hajambo? Mie mzima, ila baridi imeshaingia na vidole vinapasuka.

Uliniuliza ule ufungaji wa Kijapani niliokusimulia, mtu kumfunga mwenzake kwa kamba, ni mateso au ni mapenzi. Swali lako limenikaa, basi nakujibu kwa kirefu.

Mtindo wenyewe huitwa ebi, yaani kamba, yule wa baharini tunayempika kwa nazi. Sisi tuna neno moja la kamba wa kula na kamba ya kufungia. Wajapani wana mawili, lakini ndio waliowakutanisha. Zama za Edo, zilizokwisha 1868, hukumu ya kesi nzito kama uuaji au kuchoma nyumba iliegemea sana kukiri kwa mshitakiwa. Akikaza, alichapwa viboko, kisha akawekewa mawe mapajani. Akizidi kukaza, ndipo kamba. Alikalishwa miguu imekunjwa na kufungwa pamoja, mikono nyuma, halafu kamba ikavutwa mpaka kidevu kikaribie vifundo vya miguu. Akaachwa hivyo. Ngozi iliiva nyekundu kama kamba aliyetoka chunguni, ndiyo asili ya jina. Ikigeuka zambarau, kisha ikapauka, ilibidi afunguliwe, maana kilichobaki ni kufa.

Mwaka 1875 Gustave Boissonade, mwanasheria Mfaransa aliyeajiriwa na serikali ya Japani, alishuhudia mtu akiteswa ili akiri, akapinga kwa nguvu zote. Mateso ya aina hiyo yakafutwa 1879. Ungedhani ebi angezikwa hapo. Lakini mchoraji Itō Seiu (1882–1961) alizifuatilia adhabu za kale, akawafunga wanawake waliomkalia mfano, akawachora na kuwapiga picha. Kutoka kwake na wenzake ufungaji ukahamia vyumbani, kwa watu wazima wanaoadhibiana kwa ridhaa.

Mimi niliona darasani, kwa mke na mume waliokubali nikae pembeni. Kamba zao ni za juti, unene milimita 6 hivi, urefu mita 7 au 8, zimepitishwa motoni kuondoa manyoya na kupakwa mafuta. Zinanuka gunia, Rehema! Nikakumbuka ghala la babu. Katani yetu ya Tanga ingemchoma yule dada.

Mume alikunja polepole, kila mzunguko akipenyeza vidole viwili chini ya kamba. Kila mara alimwambia, "Nibane kidole." Nje ya mkono, juu ya kiwiko, hupita mshipa wa fahamu; ukigandamizwa, kiganja hulegea, na huenda kikachukua miezi kurudi. Na kifua kikikunjwa hivyo pumzi hupungua, kwa hiyo hakuondoka hata hatua moja. Mkasi wenye ncha butu ulikuwa gotini pake.

Sasa jibu lako. Yule mfungwa wa Edo naye alikuwa na neno la kumfungua, ila neno hilo ni "nilifanya mimi," na lilimpeleka kuuawa. Dada huyu alisema neno waliloagana tangu mwanzo, kwa sauti ndogo hata mie sikulisikia. Mumewe alilisikia. Kamba ikaanza kulegea kabla hajalimaliza, akafunikwa shali, akaomba chai.

Nisalimie wote nyumbani. Niandikie.

Wako,
Zuhura