Upendo wa mzazi si upendeleo wa kuonewa haya

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu iliyouliza kama mtoto anayelelewa kwa upendo anawazidi wenzake isivyo haki. Najua wapo wasomaji walioliona swali hilo kuwa la watu waliokosa kazi, wakafungua ukurasa mwingine. Mimi nimeshindwa. Nililelewa katika kituo cha watoto yatima tangu nikiwa mchanga, na leo nafundisha darasa la kwanza.

Faida ipo, tusiifiche. Mwaka wa shule ukianza, kabla sijajua kazi ya wazazi wa mtoto, namtambua aliyezoea kusikilizwa nyumbani. Akikwama ananyoosha mkono. Akikosea anafuta na kuandika upya. Nikifika katikati ya hadithi anauliza, "Halafu ikawaje?" kwa sababu anajua atajibiwa. Jirani yake wa dawati ana akili ileile, ila akikosea anafunika daftari kwa kiganja na kunitazama usoni aone kama nimekasirika. Nusu ya somo inampita akiwa ananichunga mimi. Wote wawili hawakufanya lolote la kustahili walipo.

Mwanafalsafa Adam Swift, ambaye ameandika mengi juu ya familia na haki pamoja na mwenzake Harry Brighouse, alihojiwa na redio moja ya Australia mwaka 2015. Alisema tofauti ya kimaisha kati ya waliosomewa hadithi kabla ya kulala na wasiosomewa ni kubwa kuliko ile inayoletwa na shule binafsi za kifahari. Akaongeza kwamba mzazi anayemsomea mwanawe akumbuke, walau mara mojamoja, kuwa anawaacha nyuma watoto wa wengine. Alishambuliwa kana kwamba ametaka hadithi zipigwe marufuku, ilhali alizitetea. Alichoona hakiteteeki ni hizo shule. Nakubaliana naye kwa mengi, lakini hilo la kumkumbusha mzazi silikubali. Mzazi aliyekuwa akimsomea mwanawe nilipokuwa mdogo hakunichukulia kitu. Kama angeacha, mimi nisingesomewa.

Nitajibiwa kwamba kujiamini kunakojengwa usiku ndiko kunakoshinda usaili mchana. Ni kweli. Basi tuuguse usaili wenyewe. Zipo shule zinazomtahini mtoto wa miaka sita kabla ya kumpokea darasa la kwanza, na kwa maoni yangu mtihani huo unapima nyumba alikotoka.

Wazo la kuwatenga watoto na wazazi si jipya. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishapendekeza zamani sana kwamba watoto wa tabaka la walinzi wa dola walelewe kwa pamoja, mzazi asimjue mwanawe wala mtoto asimjue mzazi. Kule Israeli, kwenye vijiji vya ujamaa viitwavyo kibbutz, watoto wengi walilala katika nyumba za watoto, mbali na wazazi, na wazazi wenyewe ndio waliokuja kudai walale nao. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 utaratibu huo ulikuwa umekwisha.

Usawa wa namna hiyo mimi nimeuishi. Kituoni kwetu tulikuwa sawa kabisa: vitanda sawa, nguo sawa, taa zikizimwa kwa wote kwa wakati mmoja. Walezi hawakuwa wakatili, na baadhi yao nawaombea dua mpaka leo. Ila walikuwa wa zamu. Uliyemlilia asubuhi usiku hakuwepo, na akipata kazi kwingine hakuna aliyetuambia. Watoto wadogo kabisa walikuwa wakimkimbilia mgeni yeyote aliyeingia getini na kumng'ang'ania, na wageni walifurahi wakidhani ni uchangamfu. Sisi wakubwa tulikuwa tumekwisha kujifunza kutomzoea mtu. Kujifunza kinyume chake kumenichukua sehemu kubwa ya utu uzima wangu.

Wanaodhani nazungumza kwa uchungu tu waitazame Romania. Baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka Desemba 1989, dunia iliona watoto waliokuwa wamejazwa katika vituo vya serikali. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, mji mkuu wa nchi hiyo. Kwa bahati nasibu, nusu yao walipelekwa kwenye familia zilizolipwa na kusaidiwa kuwalea, na nusu wakabaki na malezi ya kawaida ya vituo. Waliopata familia waliwazidi wenzao kwa akili, kwa lugha na kwa uwezo wa kushikamana na mlezi, hasa walioondolewa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Ndiyo maana suala la umri linanikosesha usingizi: mtoto akisubiri makaratasi ya ofisini mwaka mzima, amepoteza mwaka ambao mwalimu kama mimi hawezi kumrudishia kikamilifu.

Kwa hiyo sitaki mzazi yeyote afunge kitabu kwa kuona haya. Nataka mzazi anayetoka kazini mtoto akiwa amekwisha kulala apangiwe saa zinazomruhusu kukifungua. Nataka pia mlezi wa kituo apewe watoto wachache walio wake, asihamishwe hamishwe.

Safu yenu ikirudi kwenye mada hii, naomba iandike juu ya familia zinazopokea watoto wasiowazaa: nani anaruhusiwa kupokea, anasaidiwaje, na kwa nini mtoto mchanga asiye na wazazi bado anapelekwa kituoni kwanza.

Mwalimu wa darasa la kwanza